Kadi Iliyobaki Same

Masikio ya mama yalikuwa yamefifia kiasi kwamba ukimwamkia kwa nyuma hageuki. Mimi na dada yangu tukaamua kumwagizia kifaa cha kusikia mtandaoni. Simu zetu ziligoma kufungua ukurasa wa malipo, tukaingia steshenari moja pale Same, dada akalipa kwa kadi yake ya benki kwenye kompyuta ya duka. Tukapanda gari la milimani, kwenda kwa mama.

Tulikuwa tunamenya ndizi jikoni dada aliposema, "Hivi ile kompyuta iliniuliza nini mwishoni? Kuna kitu kilitokea kwa Kiingereza, nikabonyeza ndiyo."

"Kilikuwa na namba za kadi?"

"Za mwisho mwisho."

Kisu kikanitoka mkononi. "Dada, ilikuuliza kama iitunze kadi yako!"

Akainuka, akaitafuta simu yake. Mshahara wake wote wa uuguzi hupita kwenye kadi hiyo.

Kwa mama mtandao haushiki. Tukapanda mbio hadi kanisani, juu, ambako hushika, huku dada akirudia, "Nilidhani ndiyo kulipa kwenyewe." Tukapiga benki, muziki wa kusubiri ukapigwa mpaka nikatamani kuitupa simu. Hatimaye mhudumu akapokea, akamhoji dada, akaifunga kadi.

"Kuna hela imetoka?" dada akauliza.

"Ni malipo yako ya leo tu," mhudumu akajibu. "Lakini dada, kompyuta ya watu usiiachie kadi."

Hata hivyo sikulala vizuri. Asubuhi tukashuka Same. Mama mwenye duka alishangaa, akasema yeye hajui hata kadi hukaa wapi humo ndani. Nikamwomba nitafute kwenye mipangilio ya kivinjari. Kadi ya dada ilikuwepo. Chini yake zilikuwepo nyingine, za watu tusiowajua.

"Yesu wangu," mama yule akasema. "Wateja wangu hawa! Futa, mwanangu. Futa zote."

Nikafuta zote, kisha nikazima kile kitufe cha kutunza kadi, naye akiangalia kila nilichobonyeza.

Kifaa kilifika kwa basi, na dada alipata kadi mpya. Lakini wale wengine sijui kama kuna aliyewahi kuibiwa. Majina yao niliyaona. Namba za simu hazikuwepo, na sikuwa na namna ya kuwaambia.