Filamu ya Bei Rahisi Chumbani kwa Mama Mkwe

Aibu hii niliamua nitazikwa nayo, lakini kwa vile mke wangu Nafula ameshaisimulia kanisa zima, heri mniskie mwenyewe.

Mnajua napiga picha hapa Kitale, na mama mkwe alikuwa bado hajaniamini (alimwuliza Nafula, ati watu wote wana simu, huyu wanamlipa ya nini). Iliniuma. Basi nikapata filamu za bei rahisi, za nyeusi na nyeupe, zile za vipande, kipande kimoja picha moja, nikasema nitampiga mama picha ya kutundika ukutani mpaka aniheshimu. Shida ni kwamba kila kipande lazima ukitie kwenye kasha lake gizani kabisa, mwanga ukiingia kidogo tu kimeungua. Ningepakia nyumbani, lakini nilikuwa na haraka, nikajiambia, si huko Bokoli kwa wakwe pia kuna giza?

Tukafika mchana, jua kali, madirisha kila upande, mama ameenda kuoga ajitayarishe, wengine wote wako jikoni, na mimi badala ya kuuliza nikafungua mlango mmoja, nikaona pazia zito na kitanda chenye blanketi nene, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa, mikono na filamu chini ya blanketi (sehemu iliyobaki nje mnaijua).

Mlango ukafunguka.

"Ni nani huyo?"

Ni mama mkwe, amekuja kuchukua kitambaa cha kichwa. Sasa kwetu Wabukusu mkwe hata mkono hampi mama mkwe, seuze kuingia anapolala. Mwenye akili angetoka mbio. Mimi nikawaza filamu, filamu yenyewe ya bei ya maandazi, nikasema kutoka mle chini, "Mama, tafadhali funga mlango, na usiwashe taa."

Alipiga nduru, wanawake wakaja na miiko, shemeji akavuta blanketi na vipande vyote vikaungua. Kutoka sebuleni baba mkwe akauliza polepole, "Huyo ni mwizi ama ni mkwe?"

"Ni mkwe, mzee," shemeji akamjibu.

Baba mkwe akasema, "Si afadhali angekuwa mwizi, bana."

Wazee wakaamua nilete blanketi jipya, maana lile mama alisema hajifuniki tena. Nilipofika Bungoma kulinunua, mtu wa boda akaniuliza kama ni mimi yule wa kitandani. Niliona kwa wakwe basi tena.

Nikalipeleka, nikaliacha mlangoni, macho chini. Mama alimwambia Nafula, kwa sauti ya kutosha nisikie, "Mwambie picha yangu bado naitaka. Lakini hizo vitu zake apakie kwa nyumba ya kuku."

Nikapakia huko, nimejifunika koti langu mwenyewe. Picha ikatoka vizuri: mama amekaa uani, blanketi jipya mabegani, anaangalia kando nisije nikakutana na macho yake, lakini anacheka. Tangu hapo napakia kila kipande kabla sijatoka Kitale, na nikifika kwa wakwe naomba kiti cha nje.