Aliyeshika upondo ni dada

Jamani, leo nimeumbuka ndani ya kiboti cha bustanini hapa Kibiti.

Miaka yote nawaambia wanangu kwamba kijijini kwetu Mkongo kukifurika, mimi ndiye nilikuwa nashika upondo, nasukuma mtumbwi, namvusha shangazi yao Mwajuma kwenda shule.

Leo shangazi mwenyewe kapanda nasi.

Mwanangu kamuuliza, "Shangazi, eti baba alikuwa anakuvusha?"

Nikatazama maji.

"Ee, fundi huyo!" dada akajibu.

Uongo mtupu. Yeye ndiye alikuwa anasimama na upondo. Mimi nilikaa chini nachota maji mtumbwini kwa kifuu, huku nalia.

Kunisitiri kwake kukanishinda. Nikawaambia watoto ukweli palepale.

Dada akacheka. "Lakini bila kifuu chako, mdogo wangu, tungezama."

Nyie nani aliwavusha? Mtajeni hapa.