Kiu ya Saveta

"Mwanamume hupimwa kwa lundo lake la samadi," Pamfil Ursache alitangaza kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, bilauri mkononi, "na langu padri analiona akiwa madhabahuni. Shukeni hatua nane tu mnywe maji ya Saveta, halafu mniambie kama kuna matamu kuyashinda Moldova nzima."

Hakuna aliyebisha. Lundo lilikuwa mlima kweli: samadi ya ng'ombe wawili na farasi jike, ameirundika tangu vuli mbele ya nyumba, juu kwenye mteremko, ili kila apitaye aione na wivu umnyonge. Chini yake, kando ya barabara, ndipo kilipo kisima. Alikichimba mwaka aliofiwa na mkewe, kama ilivyo ada: mpita njia akinywa na kusema "Mungu amrehemu Saveta," huko aliko Saveta naye hupata funda lake. Basi asubuhi Pamfil hakuwasha redio. Alisikiliza mnyororo wa ndoo. Ukilia, alipiga funda la kahawa na kuuambia ukuta, "Kunywa, mama."

Wiki mbili baadaye akaja dada wa halmashauri kupima visima. Alichovya kikaratasi, kikageuka zambarau kama joho la askofu.

"Ni samadi, mzee. Mvua inaliosha lundo lako, uchafu unazama ardhini, unaingia humu. Mtu mzima anaweza kuhimili. Kichanga anayekorogewa maziwa ya chupa, damu yake inakosa hewa, anageuka buluu."

"Si wachemshe."

"Yakichemka ndiyo yanakolea zaidi."

"Mimi nayanywa kila siku. Matamu."

"Sumu hiyo haina ladha, mzee." Akagongomelea kibao: maji haya si ya watoto.

Glicheria, mjane wa ng'ambo ya ua, alikuwa ameegemea fito tangu mwanzo, hakutaka kukosa hata neno. "Pamfil, si ulisema mwanamume hupimwa kwa lundo? Haya, umeshapimwa."

"Funga mdomo, nzi wangu wasije wakaingia."

"Nzi wako njia wanaijua. Chakula cha mchana wanakula kwangu."

Jioni Ruxanda, mama wa yule mtoto aliyebatizwa, akaja amempakata. "Babu, nisamehe. Leo ndiyo nilitaka kuanza kumkorogea maziwa kwa maji ya bibi. Sitachota tena."

Pamfil alikitazama kile kinywa kidogo, chekundu kama cheri, kikitafuna hewa. Alitaka kukigusa, akaona kucha zake zilivyo, akauficha mkono nyuma.

Tangu siku hiyo mnyororo haukulia. Mwenye mtoto hakusimama, na asiye na mtoto akaona haya kunywa mbele ya kibao. Asubuhi ya nane kahawa yake ilipoa kikombeni. Mchimba kisima na mchimba shimo, safari hii walikuwa mtu mmoja.

"Ana kiu," akamwambia farasi wake, akamfunga mkokoteni.

Mwisho wa kijiji halmashauri ilikuwa imejenga sakafu ya zege yenye kuta na shimo la kukinga majimaji, samadi ya kila mtu ikae hapo mpaka msimu wa kuitawanya shambani. Pamfil ndiye aliyeipachika jina, Hospitali ya Mavi. Sasa akawa mgonjwa wake mkubwa: safari kumi na tisa, siku nne, mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Siku ya tatu Glicheria alitokea na uma wake begani.

"Nimekuja kuhakikisha hubakizi la kujisifia," akasema, akaanza kupakia.

Pale kwenye zege walimkuta yule dada. Pamfil akavua kofia. "Kisima kitapona lini, mwanangu?"

"Miaka mitatu. Labda mitano."

"Na yeye muda wote huo anywe nini?"

Dada hakuelewa ni nani anayeuliziwa. Glicheria alielewa, akajitia kumfunga farasi hatamu ambayo haikuwa imefunguka.

Kesho yake, ukingoni mwa kisima, chini ya kibao, lilikaa dumu la maji ya dukani na kikombe cha bati cha Saveta. Ruxanda alikuwa wa kwanza kupita. Alimimina, akanywa, akasema, "Mungu amrehemu bibi Saveta," akafuta ukingo wa kikombe kwa leso na kukirudisha.

Ndani, Pamfil alipiga funda la kahawa.

Bei ya dumu la lita tano dukani ni lei saba, na miaka ni mitatu, labda mitano.