Mtungi Alioufunga Mama Kayitesi

Watu wa Bihambwe walimpa Evode Nizeyimana, mganga wao wa mifugo, jina la Fahali wa Pikipiki, kwa sababu ng'ombe wengi wa vilima vile walikuwa wakizaa bila kuona dume hata siku moja. Walichokiona ni pikipiki ya Evode ikipanda matope, na mtungi umefungwa nyuma. Evode alicheka pamoja nao. Lakini alikuwa mtu wa wasiwasi kuliko wote ninaowajua, na wasiwasi wake wote ulitokana na mtungi huo.

Kwa nje ulifanana na bidoni, lile kopo kubwa la kubebea maziwa. Ndani ulikuwa na kuta mbili zisizo na hewa katikati, kama chupa ya chai, na humo ndimo ilimokaa naitrojeni ya maji, wenyewe huko wanaiita azoti, baridi kupita barafu yoyote, ikitunza mirija myembamba ya mbegu za madume. Maji hayo hayatulii. Yanachemka polepole mchana kutwa, yanageuka hewa, na hewa hiyo ni lazima itoke. Ndiyo maana kifuniko chake hakikazwi. Kinakaa tu mdomoni kikiwa kimelegea, na moshi mweupe unachungulia pembeni.

Evode alifundishwa hayo Goma na hakuyachezea. Kuufungua mtungi alivaa glavu nene na miwani. Katika chumba kisicho na dirisha wazi hakuuweka. Barabarani aligeuka kuutazama mara nyingi hadi akakaribia kuingia mtaroni, na mkewe Rosalie alizoea kumtania, "Ile mutungi njo bibi yako wa kwanza, mi niko wa pili."

Sasa nimseme mama yake, Mama Kayitesi, aliyekaa nao nyumba moja. Bihambwe nzima hakuna aliyejua kufunga maziwa kama yeye. Tangu usichana wake maziwa ya kwao yalisafiri kwenda kiwanda cha jibini, kwanza kichwani, kisha kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki, katika barabara zenye mashimo ya kumeza mbuzi. Jani la mgomba juu ya mdomo wa bidoni, plastiki juu ya jani, kisha ukanda wa kauchu uliokatwa kutoka mpira wa gurudumu, unavutwa na kuzungushwa hadi mishipa ya mikono inasimama. Bidoni lake lingebingirika hadi mtoni lisimwage tone. Na kulifungua alikuwa na desturi yake: akifikia mzunguko wa mwisho wa kauchu, aliinama na kuweka pua mdomoni kabisa, kwa sababu harufu ya kwanza ndiyo inayosema kama maziwa ni mazima.

Kuhusu mtungi, Evode alimwambia neno moja tu: usiguse. Sababu hakumwambia. Alidhani mama ni mzee na mambo ya maabara yatamchosha bure. Aliyefundishwa ni Rosalie peke yake.

Ikatokea Rosalie akaenda kwao Buleusa, kule Walikale, dada yake alikuwa amejifungua. Asubuhi moja Evode akaitwa mlimani, ng'ombe wa Papa Habineza ameshindwa kuzaa. Kazi hiyo haikuhitaji mbegu, kwa hiyo aliuacha mtungi sebuleni, akafungua dirisha, akarudia "usiguse" yake, akaondoka kwa miguu, kwa kuwa pikipiki yake ilikuwa imeishiwa mafuta.

Alikuwa ameingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe, akitafuta mguu wa ndama uliojikunja, Élie alipofika. Élie ni dereva wa pikipiki; alikuwa amemletea kamba alizosahau.

"Papa Evode, mama anakusalimia. Anasema usikuwe na wasiwasi. Ile mutungi ilianza kutoka moshi, yeye akaifunga muzuri na kauchu, kama maziwa."

Evode aligeuza kichwa, mkono ukiwa bado humo humo ndani.

"Ameifunga saa ngapi?"

"Asubuyi, ulipotoka tu. Anasema saa ya chakula ataifungua, anuse kama haiyaharibika."

Masikini Evode! Aliiona pua ya mama yake juu ya mdomo ule, na hewa yote iliyokusanyika tangu asubuhi ikisubiri chini yake. Na mkono hakuweza kuutoa. Angeuachia mguu wa ndama, ng'ombe angekufa mbele ya Papa Habineza, ambaye alikuwa ameshika mkia na kumtazama. Simu huko juu haikamati, na mama hana simu.

"Élie, shuka mbio! Mwambie mama atoke mu nyumba. Atoke kabisa!"

Élie akaondoka. Evode akavuta, akasukuma, akavuta tena, akiomba Mungu kwa sauti bila kujali nani anasikia, hadi ndama akatoka akiwa hai. Hakungoja hata maji ya kunawa.

Kwenye kona ya kwanza alimkuta Élie amepiga magoti matopeni, mnyororo wa pikipiki umekatika mikononi mwake. Ujumbe haukufika. Evode hakumlaumu wala hakusimama. Alikimbia mteremko wote, damu imemkauka hadi shingoni, akianguka na kuinuka, na wanawake waliokuwa wakipalilia maharage wakadhani ameua mtu.

Mama Kayitesi alikuwa sebuleni kwenye kigoda, mtungi katikati ya magoti, vidole vikitafuta ncha ya kauchu. Pembeni ya kifuniko hakukuwa na moshi hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha Evode kuliko yote.

"Mama! Acha! Toka!"

Hakuwahi kumpigia mama yake kelele. Mama akainua macho, amekasirika kweli.

"Unanipigia makelele, mi mama yako? Na hiyi damu iko ya nani?"

Evode alimkamata chini ya makwapa, akamtoa nje kama gunia, majirani wakitazama. Kisha akavaa glavu na miwani, akaacha mlango wazi, akafunga mundu kwenye ncha ya mti mrefu wa kuegemeza maharage. Akajificha nyuma ya ukuta wa mlango, akaanza kukata kauchu, ukanda baada ya ukanda. Mtungi ukapiga mluzi. Mundu ukawa unateleza. Ukanda wa mwisho ulipokatika kifuniko kiliruka, bati la paa likalia hadi mbuzi wakakimbia, na wingu jeupe likafurika sakafuni na kufunika kigoda.

Alingoja wingu liishe, ndipo akamwita mama mlangoni. Mama akatazama bati lililobonyea kwenda juu. Akatazama kigoda kilicho chini yake sawasawa. Akainua mkono, akajishika pua.

Evode alilia pale pale. "Mama, kosa iko yangu. Nilikuambia usiguse, sikukuambia juu ya nini usiguse." Akamweleza basi: ni kama chungu cha maharage kinachochemka bila kuzimika, ukikifunga kwa kauchu, mvuke utapita wapi?

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na weye, njo unaibeba kila siku nyuma ya mugongo, kwa hii barabara?"

"Njo kazi yangu, mama."

Rosalie aliporudi kutoka Buleusa, alikuta nyumba ina watu wawili wa wasiwasi. Mama Kayitesi bado anafunga maziwa yake kwa nguvu zile zile, ila akiyafungua anageuza uso pembeni. Na kila asubuhi, Evode akiwasha pikipiki, mama anatoka na kitenge chake mabegani, anasimama mbele ya gurudumu, anakitazama kifuniko.

"Inapumua?"

"Inapumua, mama."

Asipojibiwa hivyo, haondoki njiani.