Jirani wa Mzee Koleo

Mwinjilisti na mkewe walifika kijiji kile cha mlimani baada ya kutembea siku mbili. Kwa miezi minane alihubiri kila Jumapili, na msikilizaji alikuwa mkewe peke yake. Siku za kazi, hata hivyo, watu walipishana mlangoni kwake, maana alijua kung'oa meno, wakambandika jina la Mzee Koleo.

Asubuhi moja alikuja jirani yake, mama wa makamo ambaye hakuwahi kuitikia salamu yake, shavu limemvimba. Mwinjilisti akamkalisha kwenye benchi la kanisa, akamchoma sindano ya ganzi, akang'oa gego.

"Nikushukuruje?" mama aliuliza, mdomo umejaa pamba.

"Niitikie salamu tu, mama."

Mama akacheka huku ameshika shavu. "Mwanangu, na jino lile ningefunguaje mdomo?"

Jumapili akaja, akaketi karibu na mke wa mwinjilisti. Baada ya ibada akasema, "Unahubiri vizuri, ila unarefusha mno. Tuna mashamba ya kulima."

Mwinjilisti alirudi nyumbani moyo mweupe, akachukua kalamu, akaanza kukata maneno ya mahubiri yaliyofuata.