Mguu wa Kulia wa Mama Breki

Pale chuo cha udereva alipofundisha, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi, walimu wenzake, hata mlinzi wa geti, wote walimwita Mama Breki. Magari ya chuo yana breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine miguuni pa mwalimu, na mguu wake wa kulia ulikuwa na sifa: kabla mwanafunzi hajang'amua kwamba kuna mtu anavuka barabara, gari lilikuwa limeshasimama. Alikuwa mnene kiasi, mwenye sauti ya kukwaruza, umri umepita hamsini. Walioshindikana kwa walimu wengine waliletwa kwake, naye hakumkatia tamaa hata mmoja. "Klachi si mende," alikuwa akiwaambia. "Usiikanyage kwa hasira."

Asubuhi moja alikuwa na karani wa benki, mtu mzima mwenye woga wa kunguru, kwenye barabara tulivu inayopita kando ya kiwanja kidogo cha ndege. Ghafla gari likaacha njia na kuufuata uzio wa kiwanja. Mama Breki akakanyaga. Alipogeuka kumfokea, alimkuta karani ametoa kichwa nje ya dirisha.

"Mwalimu, watu wanaanguka!"

Hawakuwa wakianguka. Walikuwa wakishuka, kila mmoja chini ya parachuti lake, wakikata kona angani taratibu kama watu wanaotafuta pa kuegesha. Mmoja alitua karibu na uzio, akakimbia hatua chache, akasimama.

"Mwalimu wake yuko wapi?" Mama Breki aliuliza.

"Mwalimu wa nini? Si yuko mwenyewe."

Neno hilo lilimkaa rohoni. Siku yake ya mapumziko alirudi pale kuulizia. Kijana wa mapokezi akamwambia anaweza kuruka siku hiyo hiyo akiwa amefungwa kifuani kwa mtaalamu, yeye ni kutulia na kufurahia tu.

"Hapana," alisema. "Nimekaa kiti cha pembeni tangu ujana wangu. Nataka kufundishwa niruke peke yangu."

Mumewe, fundi wa friji, alipopewa habari aliweka bisibisi chini.

"Mke wangu, kama umenichoka sema tu. Mlango upo, usipitie mawinguni."

Wakacheka mpaka machozi, kisha mzee akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli, naye akajibu ni kweli. Aliyepinga ni binti yao, mfamasia, mtu wa hesabu na tahadhari, aliyepiga simu jioni hiyo.

"Mama, ukifa utakuwa umekufa kwa ajili ya nini?"

"Sijui, mwanangu," alijibu. "Lakini tangu niliposema nitakwenda, nalala usingizi mzuri."

Binti akakata simu.

Darasani alikuta vijana tu. Mwalimu wao alikuwa msichana mwembamba, rika la huyo binti yake, aliyejulikana kwa jina la Unyoya. Yeye alimwita Mama, na Mama Breki akamwita Mwalimu, bila kinyongo. Wanafunzi walining'inizwa kwenye mikanda chini ya dari, wakafundishwa kipi cha kuvuta na lini, na la kufanya parachuti kubwa likigoma, ili wafungue lile la akiba. Walivishwa saa kubwa mkononi, isiyoonyesha wakati bali umbali uliobaki mpaka ardhini. Zaidi ya yote walifundishwa kulala hewani: tumbo mbele, mgongo umepinda, mikono na miguu imelegea sawasawa.

Siku ya kuruka mara ya kwanza, mlango wa ndege ulipofunguliwa, upepo uliingia kwa kishindo. Unyoya alimshika upande mmoja, mwalimu mwingine upande wa pili, wakatoka. Baadaye hakukumbuka kitu ila makelele ya hewa. Alisahau kutazama saa, akasahau kuvuta, na Unyoya ndiye aliyemvutia. Alitua kwa makalio.

"Ya kwanza ni ya kushangaa tu," Unyoya alimfariji. "Tutairudia."

Alirudia, akafaulu. Kazi ilikuja walipofika hatua ya kuachiwa, ambapo walimu wanafungua mikono na mwanafunzi anabaki ametulia hewani. Walipomwachia, Mama Breki alianza kuzunguka kama pia, mbingu na ardhi zikabadilishana zamu, mpaka wakamdaka tena. Akarudia. Akazunguka tena, upande ule ule. Vijana aliokuwa nao darasani walimpita mmoja mmoja, wakawa wanaruka wenyewe na kupigana picha, naye bado anashikwa mikono.

Unyoya alimkalisha mbele ya kompyuta wakatazama picha za mruko.

"Mama, tazama mguu wako wa kulia."

Mguu wa kushoto ulikuwa umelegea vizuri. Wa kulia ulikuwa umenyooka, vidole vimekaza, unasukuma hewa kwa nguvu zote.

"Unafanya nini hapo?"

Mama Breki akaufahamu mguu wake. "Nafunga breki," alisema.

Chumba kizima kiliangua kicheko, na yeye alicheka nao. Lakini kwenye chumba cha kubadilishia nguo alikaa na ovaroli yake mapajani, machozi yakimtoka. Mguu uliookoa watu barabarani ndio uliokuwa ukimwangusha, na hakujua mtu anaukatazaje mguu wake mwenyewe.

Alimweleza mumewe yote wakati wa kula. Mzee hakucheka. Kesho yake alitoa vyuma kwenye benchi refu la karakana yake, akatandika godoro jembamba, akamwambia apande. Mama Breki akalala kwa tumbo katikati ya mafriji yaliyofunguliwa migongo, mikono na miguu ikielea. Mzee akashika vidole vya mguu wa kulia, na kila ulipokaza aliupiga kofi dogo.

"Achia."

"Nimeachia!"

"Hujaachia. Huu mguu naujua kuliko wewe, ndio unaonipiga mateke usiku."

Mteja mmoja alikuja kuchukua friji lake, akakuta mama mzima anaelea juu ya benchi na fundi kamshika mguu. Akaaga kwa adabu, akasema atapita siku nyingine. Wao wakaendelea. Waliendelea kila jioni, mpaka mzee akawa anashika vidole na kukuta vimelala kama vya mtoto mchanga.

Bado haikuwa rahisi. Mruko uliofuata alizunguka kidogo, ikambidi arudie. Akarudia bila kunung'unika, akafunga mikanda yake kwa utaratibu ule ule, akamshukuru kila aliyemkagua. Unyoya alisema siku moja kwamba amefundisha wengi wepesi kuliko yeye, ila hajawahi kufundisha aliye na moyo kama ule. Mruko uliofuata walimwachia, akapumua nje, akangoja ule mzunguko. Haukuja. Mbele yake alimwona Unyoya akielea, mikono yote miwili wazi, anacheka bila sauti kusikika.

Hatimaye ikafika zamu yake ya kuruka bila mwalimu. Alijitupa mwenyewe, akalala hewani, akatazama saa, akavuta. Parachuti lilifunguka, lakini kamba zilikuwa zimejisokota juu ya kichwa chake. Akazishika kamba, akazitanua kwa mikono, akapiga mateke kama alivyofundishwa, akijipindua pole pole hadi zikanyooka. Halafu kukawa kimya. Chini aliiona barabara aliyofundishia maisha yake yote, nyembamba kama uzi, na hakuna gari aliloweza kulisimamisha. Alivuta kamba ya kushoto, akageuka kushoto. Akavuta ya kulia, akageuka kulia. Alipiga yowe la furaha ambalo hakuwahi kulipiga mbele za watu.

Alilikosa kwa mbali duara lililochorwa la kutua. Alitua kwenye majani marefu, akaanguka kwa magoti, akasimama amejaa vishada vya mbegu mpaka kwenye nywele. Mumewe, aliyekuwa akitazama kutoka ukingoni mwa kiwanja, alikuja anakimbia na viatu vya karakana, akamkumbatia na parachuti lake lote, wakasokotana mle ndani wawili hao mpaka Unyoya akaja kuwafungua.

Simu ililia kabla hajavua mikanda. Alikuwa binti.

"Umefika?"

"Nimefika."

Mama Breki alimsikia anavuta kamasi.

"Haya," binti alisema. "Umekula?"