Heriel na Mwafu wa Jangwani

Heriel ana duka la vipuri Gerezani, na hajui kufanya jambo nusunusu. Mteja akitaka bolti moja, atapewa na somo la namna ya kuifunga. Tulipoanza kujitolea kung'oa mimea vamizi kwenye bonde la Msimbazi, kila Jumamosi asubuhi, alijipa uongozi bila kuchaguliwa na mtu. Sisi wengine tunafyeka. Heriel anachimba mpaka mzizi wa mwisho, kisha anauanika juani ukauke kabisa. Ananichosha, lakini mlusina, mti mgumu kufa, akiuchimba yeye hauchipui tena.

Mwezi uliopita, pale Jangwani, alikuta mmea umetambaa juu ya msingi wa nyumba iliyobomoka. Kwao Kilimanjaro hajawahi kuuona. Akauchimba. Bi Moza, mwenzetu, alipofika, ulikuwa umeshanyauka.

Ulikuwa mwafu, mmea wa maua meupe ya kunukia. Mama yake Bi Moza aliupanda chini ya dirisha lake, akawa akichuma maua ya vikuba, vishada vya kunukia wanavyovaa wanawake harusini. Nyumba ilikwenda na mafuriko, mama akafariki, mwafu ukabaki. Bi Moza aliweka jembe chini, akaenda zake. Jumamosi mbili hakuja, na bila yeye wakulima wa mchicha wa pale bondeni, waliotupokea kwa ajili yake, walianza kututazama kama wezi.

Heriel akakonda. Nilimhurumia kweli. Mwishowe akanichukua twende kwa Bi Moza, Kariakoo. Alivaa koti, mkononi ana jani bichi la isale. Kwao, anayepelekewa jani hilo hana budi kusamehe, na aliyelileta hahitaji maneno mengi. Basi akamnyooshea tu.

Bi Moza akalitazama. "Mangi," akasema, kama anavyowaita Wachaga wote wenye maduka, "umeniletea gugu lingine?"

Nikamweleza maana yake.

"Hiyo ni kwenu," akasema. "Kwetu mtu anaomba kwa mdomo wake."

Nimemjua Heriel miaka kumi na tano, sijawahi kumsikia akikiri kosa. Akalishusha lile jani.

"Bi Moza, nisamehe. Niliona mmea nisioujua, nikasema ni gugu. Sikuuliza."

"Haukubaki hata mzizi mmoja?"

Angeweza kudanganya. "Hata mmoja. Nilihakikisha."

Bi Moza akanyoosha mkono, akalipokea lile jani.

"Nimekusamehe, Mangi," akasema. "Sasa kaa hapo, nimlilie mama yangu."

Tukakaa, naye akalia.